Sugu Ina Masikio

Hina ile ile, iliyochekechwa kwa kitambaa kimoja na kukandwa kwa ndimu moja, haikolei sawasawa mwilini. Juu ya mkono, kutoka kwenye kifundo kuelekea kiwiko, asubuhi inatoka rangi ya chungwa bivu. Kiganjani inatoka damu ya mzee. Chini ya unyayo, na hasa kisiginoni, inakuwa karibu nyeusi, na inakaa pale mpaka bibi harusi amemaliza fungate na kurudi kwenye ndoo na masufuria. Wanaokuja kwangu Tandika huniuliza kama huku chini nimepaka mara mbili. Nimepaka mara moja. Ngozi ndizo mbili.

Ngozi ya kiganja na ya unyayo haina unywele hata mmoja, wala haina vile vitundu vya mafuta vilivyotapakaa sehemu nyingine za mwili. Vitundu vya jasho inavyo tele, ndiyo maana mtu akiingiwa na hofu viganja hulowa. Uso wa tabaka lake la juu umejengwa kwa seli zilizokwisha kufa, zimelaliana moja juu ya nyingine kama makuti ya paa, na tabaka hilo ni nene kweli kweli: tabaka la juu la ngozi ya ukope lina unene wa milimita 0.05 hivi, la unyayo hufika milimita 1.5. Rangi iliyomo kwenye jani la mhina, ambayo wakemia wanaiita losoni, hushikamana na protini ya seli hizo zilizokufa. Palipo nene ina pa kushika, palipo pembamba inapita tu. Na kwa kuwa ngozi hiyo haina mafuta yake yenyewe, ikikauka haina cha kujiokolea, inapasuka. Magaga ya kisigino huanza hivyo: ukavu, kisha uzito wa mtu anayesimama kutwa nzima juu ya ngozi iliyokakamaa. Uchafu huja kujaa baadaye ndani ya mpasuko, na watu wakiuona huo uchafu wanadhani ndio chanzo.

Mama yangu, ambaye beseni ninalotumia lilikuwa lake, hakuwa na habari ya losoni. Alijua kwamba kisigino hupakwa mafuta ya nazi usiku na kufungwa kitambaa, na kwamba bibi harusi mwenye sugu asiparuzwe kwa wembe, alainishwe. Akiulizwa kwa nini, jibu lake lilikuwa fupi: "Sugu ina masikio." Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao, ambao walikwenda magharibi ya Kenya kupima miguu ya watu wanaotembea peku na ya wanaovaa viatu. Waliozoea kutembea peku walikuwa na sugu nene zaidi, na bado nyayo zao zilitambua mtikisiko mdogo wa ardhi vizuri vile vile kama za wenzao. Sugu ni ngumu, na kwa ugumu wake huupitisha mtikisiko mpaka kwenye neva zilizo chini. Soli laini na nene ya kiatu huumeza.

Nimeanza na hilo kwa sababu vijana wengi wa Temeke na Kinondoni wamejifunza kuzionea haya nyayo za wazazi wao, na mimi ninazishika nyayo hizo kila siku. Ndani yake kuna habari za mji huu ambazo ningependa zisemwe kwa heshima.

Mji wenyewe ulijengwa na watu waliotembea peku. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wapagazi, wachimba misingi na wabeba mawe waliowafanyia kazi walikuwa wakikanyaga mchanga, matope na mikoko kwa ngozi tupu. Miaka hiyo hiyo akaingia mgeni aliyeibadili kabisa hali ya mguu wa Mwafrika Mashariki. Funza si mdudu wa asili ya kwetu. Ni wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro, ilitia nanga Ambriz, Angola, na mchanga uliowekwa ndani yake ili isipinduke baharini ulikuwa na funza. Kutoka pale mdudu akasafiri kwa miguu ya watu: kwa misafara ya biashara, kwa wapagazi, kwa askari, akapanda Kongo, akafika maziwa makuu, akashuka kwa njia za misafara mpaka pwani. Mwaka 1892 mpelelezi wa Kiaustria Oscar Baumann alipita Uzinza, kusini ya Ziwa Viktoria, akakuta watu wanakufa njaa kwa kuwa miguu yao haikuweza tena kuwafikisha shambani kuvuna. Kabla karne haijaisha funza alikwisha kufika mwambao, Unguja, na kuvuka bahari hadi India pamoja na vibarua waliokuwa wakirejea kwao. Bara zima, kutoka bahari hadi bahari, katika muda ambao mtoto huzaliwa na kuoa.

Funza jike huchagua pale pale hina inapokolea: pembeni ya ukucha, baina ya vidole, kisiginoni. Huzama ndani ya ngozi nene akabakisha tundu la kupumulia na kutolea mayai, akavimba hadi ukubwa wa punje ya kunde, akafa humo humo baada ya majuma machache. Anayemwacha hushikwa na usaha, na kwa watu waliokwisha kumzoea jirani huyu, kumtoa ilikuwa ujuzi wa kike. Bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa akiitwa nyumba hata ya nne kwa ajili ya pini yake. Aliichoma pini kwenye moto, akapanua tundu kwa kuizungushia pembeni bila kukitoboa kifuko, kwa maana kikipasuka ndani kinaleta balaa, kisha akakinyanyua kizima, akapaka mafuta ya taa kwenye shimo. Mguu wa mtoto alikuwa akiulaza juu ya paja lake, na mtoto alitakiwa ataje majina ya ndugu zake wote mpaka kazi iishe. Mikono ile ya bibi ndiyo iliyomfundisha mama yangu, na ya mama ikanifundisha mimi, kwamba ngozi ya unyayo ina sakafu. Juu ya sakafu unaweza kukwangua bila maumivu wala damu. Ukiivuka umeingia kwa watu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na mahali palipo soko la Kariakoo leo wakapafanya kambi ya wapagazi wao wa vita. Wapagazi hao walikuwa maelfu kwa maelfu, walibeba mizigo ya jeshi kichwani kwenye mvua na vinamasi vya kusini, na wengi mno hawakurudi. Waliuawa zaidi na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Funza na vidonda vya miguu viliwaangusha njiani, na mpagazi aliyeanguka njiani alikuwa na nafasi ndogo ya kuokotwa. Nikipita pale sokoni kununua hina ya jumla, ninaikumbuka kambi ile.

Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni ilianza kupima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala: Temeke, Magomeni, Kinondoni. Babu yangu alipata chumba Temeke kwa sababu alikuwa kuli wa bandarini. Wakati ule meli kubwa zilikuwa zinatia nanga katikati ya maji, shehena ikashushwa kwenye matishari, kisha kutoka kwenye matishari hadi ghalani ni bega na mkono wa mtu. Gati za maji marefu zilikuja katikati ya miaka ya 1950. Septemba 1947 makuli waligoma, na mgomo ule uliotoka bandarini ukaenea mjini na kupanda na reli hadi bara. Babu alikuwepo. Alichokuwa akisimulia zaidi ni mkono: jinsi msimamizi wa vibarua alivyokuwa akigeuza kiganja cha mtu asubuhi, akikiona laini anamrudisha nyumbani.

Kuna ujuzi katika jambo hilo, ingawa ulitumika kwa ukatili. Ngozi ikisuguliwa ghafla na kwa nguvu, tabaka la juu linaachana na la chini, maji yanajaa katikati, ndiyo lengelenge. Ikisuguliwa kidogo kidogo siku baada ya siku, seli za chini zinazaliana upesi, za juu zinachelewa kubanduka, ngozi inajiongeza. Hiyo ndiyo sugu. Kwa hiyo kiganja kinaeleza kwa usahihi muda ambao mtu amekuwa kazini, na kazi gani. Seremala wa Keko ninamjua kwa uvimbe mgumu kwenye shina la kidole cha shahada, panapokaa mpini wa randa. Fundi cherehani ana ya kwake ubavuni mwa dole gumba, anapokamatia mkasi. Mwanamke aliyetwanga maisha yake yote ana sugu nne zilizopangana mstari kwenye mashina ya vidole, mikono yote miwili. Wazee wa swala wana sugu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa nje, kwa kukikalia katika tahiyatu za swala tano kwa siku kwa miaka hamsini. Hiyo siigusi kamwe, hata mwenyewe akitaka. Ninaipaka mafuta tu.

Kuhusu viatu, historia yetu inaniuma. Katika nyumba za Wazungu kule Oyster Bay mtumishi alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na miguu mitupu. Uhuru ulipokuja kiatu kilikuwa sehemu ya ahadi. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitangaza kuchukua hisa nyingi katika kampuni kadhaa za viwanda, na katika orodha ile moja zilikuwemo kampuni ya viatu ya Bata na kampuni ya saruji iliyokuwa imeanza uzalishaji Wazo Hill mwaka uliotangulia. Kiatu na saruji, kinachokinga ngozi na kinachoila, vikawa mali ya umma kwa tangazo moja. Baadaye kikajengwa kiwanda cha viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo huo. Mashine ziliharibika, ngozi nzuri na vifaa vilikosekana, na jengo lenyewe lilikuwa na kuta za bati la alumini zisizopitisha hewa ilivyostahili katika joto la Morogoro. Mwaka 1990 kikafungwa. Ng'ombe tulikuwa nao kwa mamilioni, na kiwanda tulikuwa nacho, na katikati ya mambo hayo mawili watu wa Mbagala walikuwa wakikatiwa katambuga kutoka kwenye matairi ya malori.

Siidharau katambuga. Katika miaka ile baada ya vita vya Kagera, foleni za sabuni na sukari zilipokuwa ndefu, ndiyo iliyouokoa mguu wa Temeke. Msumari haupenyi kwa urahisi, maji hayaiharibu, na inadumu kuliko mwenye nayo. Ila ukingo wake ni mkali, na mpaka leo ninaweza kumtambua mtu aliyeivaa ujanani: ana ukanda wa sugu unaozunguka kisigino chote kama mpaka, na nundu pembeni ya kidole gumba. Watoto wa kandambili, waliofuata, wana alama nyingine, kijishimo kigumu baina ya kidole gumba na cha pili, na fangasi wanaopenda kukaa hapo hapo. Sabuni ilipokosekana mama alisugua miguu ya wateja kwa majivu na dafu lililokauka. Walilipa kwa mchele, kwa nazi, wakati mwingine kwa kipande cha khanga.

Sasa nije upande wa Kinondoni, kwa sababu ngozi zinazonitia uchungu kuliko zote zinatoka kule: Kunduchi, kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe. Kwa miaka mingi wanawake wameketi pale chini ya turubai za viroba, jiwe mbele, nyundo mkononi, wakiponda kokoto za kujengea mji huu. Jiwe hulishikilia kwa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, na vidole hufungwa vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu. Vumbi la chokaa hunyonya unyevu wote wa kiganja. Kiganja hakina mafuta yake, nimekwisha kusema, kwa hiyo kinapasuka kwenye kila mkunjo, na mpasuko wa kiganja hauponi maana kesho kuna nyundo tena.

Mwisho wa mwaka 2019 kila mwenye simu Tanzania alitakiwa asajili laini yake kwa alama za vidole. Siku ya mwisho iliyopangwa ilikuwa 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Ndani ya siku hizo ishirini alinijia mama mmoja mponda kokoto, mtu wa makamo, akiwa ameambiwa kwenye kibanda cha usajili kwamba hana vidole. Alikuwa amekwenda mara kadhaa na mashine haikusoma kitu. Simu ile ndiyo aliyokuwa akitumiwa fedha na mwanawe aliye Mwanza. Niliitazama mikono yake kwenye mwanga wa mlango: ncha za vidole zilikuwa zimelainika na kung'aa, mistari imesuguliwa ikaisha.

Mistari hiyo huchorwa tumboni mwa mama, kabla ya mwezi wa tano wa mimba, na haichorwi na ngozi ya juu. Inachorwa na tabaka la chini, ngozi ya juu inafuata tu kilichoandikwa chini yake. Ndiyo maana ukikwaruzika kidole mstari unarudi vile vile ulivyokuwa. Nikamwambia: "Mama, vidole vyako vipo, vimejificha. Viache vipumzike." Akasema kupumzika hawezi. Tukapatana aache nyundo kwa mkono wa kushoto, afunge kitambaa, na jioni anipitie. Kila jioni nililoweka mkono ule kwenye maji ya vuguvugu, nikaukausha, nikaupaka mafuta ya nazi na juu yake mafuta ya mgando, nikauvisha soksi. Wiki haikuisha mistari ya kidole cha pete ilianza kuonekana, hafifu. Alikwenda na kidole hicho, na mashine ikakipokea.

Mafundi wa zege wana shauri jingine. Saruji mbichi ina alkali kali ya chokaa inayounguza polepole bila kutoa taarifa. Mtu anafika nyumbani jioni ndipo anagundua magoti na vidole vimechubuka. Lakini kuna baya zaidi. Ndani ya saruji mna madini ya kromu, na ngozi ya mtu fulani, baada ya miaka kumi ya kuizoea, inaikataa siku moja moja kwa moja. Mikono inavimba, inatoa maji, inawasha usiku kucha, na ikishakataa haikubali tena. Fundi anakuwa hana kazi. Denmark waliweka sheria mwaka 1983 ya kupunguza kromu hiyo kwenye saruji kwa kuchanganya chumvi ya chuma, nchi za Ulaya zikafuata mwaka 2005, na maradhi hayo yakapungua kwao. Mafundi wa Tegeta na Boko ninawaambia wavae glavu za mpira na wanawe kwa maji mengi kabla ya kula. Ni ushauri mdogo kwa tatizo lenye dawa kiwandani.

Nirudi kwenye kazi yangu, ambayo nayo imebadilika. Wakati wa mama, kushika miguu ya mwanamke ilikuwa haki ya mwanamke. Mwali alitolewa na somo wake, akasuguliwa singo mwili mzima, akapakwa hina siku ya mkesha huku nyimbo zinaimbwa, na yale aliyofundishwa yalifundishwa miguu yake ikiwa mikononi mwa mtu mzima. Mtu ambaye kisigino chake kimeshikwa hawezi kuondoka, anasikiliza. Nadhani wazee waliijua nguvu hiyo.

Kisha ikaja piko. Wateja wanaitaka kwa weusi wake na kwa kuwa inakauka upesi, wakati hina inahitaji usiku mzima. Piko ya madukani ni rangi ya nywele, na ile kemikali inayoipa weusi, parafenilenidiamini, haikuumbiwa kukaa juu ya ngozi kwa saa kadhaa. Nimeona mkono wa msichana wa Mwananyamala ambaye maua yake yote yaligeuka malengelenge siku ya tatu, kila jani na kila kikonyo, na yalipopona yaliacha makovu ya maua yale yale. Tangu hapo hawezi kutumia rangi yoyote nyeusi ya nywele. Mwili ulikwisha kuweka kumbukumbu. Chini ya unyayo madhara huchelewa kwa sababu ya unene, juu ya mguu hayachelewi. Kwangu piko haiingii, na nimewapoteza wateja kwa ajili hiyo, na sijali.

Na wakaja vijana wa kikapu. Unawajua: kikapu cha chupa za rangi za kucha, jiwe, brashi, kitambaa begani, anazigonganisha chupa akipita uchochoroni. Mwanzoni watu wa mtaa walinong'ona, vipi kijana wa kiume akamate mguu wa mke wa mtu barazani. Minong'ono ilikwisha. Kazi ile imewapa riziki vijana wengi waliotoka mikoani bila mtaji, na wengine mikono yao ni mizuri kuliko yangu. Ugomvi wangu nao ni mmoja, wembe. Mteja anataka kisigino kama cha mtoto kwa dakika kumi, kijana anatoa wembe anaparura sugu yote mpaka ngozi nyekundu. Sugu iliyokatwa hivyo inarudi kwa hasira, nene kuliko ya kwanza, na wembe ule ule unakwenda kwenye mguu wa jirani. Ngozi hulowekwa dakika kumi na tano, husuguliwa kwa jiwe upande mmoja, hukaushwa mpaka katikati ya vidole, hupakwa mafuta. Sugu huachwa nusu. Mwenye mguu anaihitaji kesho.

Yote niliyosema yanahusu mguu unaosikia. Upo mwingine, na huo ndio unaonifanya nikeshe.

Kuna ncha za neva ambazo ugonjwa huzizima bila kelele. Zamani kwetu mzimaji mkuu alikuwa ukoma. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Hansen kule Norway mwaka 1873, hupenda neva za sehemu za mwili zenye ubaridi, mikono na miguu, na wengi waliamini kwamba ukoma unakula vidole. Hauli. Vidole vinapotea kwa sababu mwenyewe hasikii moto wa sufuria wala msumari. Wazee waliopona waliishi kwenye makazi ya Nunge, Kigamboni, na mama alikwenda kule kuwasugua miguu wakati ambapo watu wengine wa Temeke walikuwa wakivuka barabara wasikutane nao. Dawa mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 zinauponya ukoma, na wagonjwa wamepungua sana.

Siku hizi mzimaji ni kisukari. Muhimbili ndiko yalikotoka maelezo ambayo madaktari wa nchi nyingine wameyasoma: mwaka 2002 iliripotiwa, kutokana na wagonjwa wa Dar es Salaam wa tangu 1998, jinsi mkono wa mwenye kisukari unavyoweza kuoza kwa siku chache baada ya mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu, na baadhi walipoteza mkono au maisha. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wakaandika juu ya watu wa mji huu huu walioamka asubuhi wakakuta panya wamewatafuna vidole vya miguu usiku, nao hawakusikia. Katika nyumba zetu za uswahilini panya hakosekani. Abbas alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha mpango wa kuwafunza madaktari na wauguzi wa mikoani kuangalia miguu ya wenye kisukari hatua kwa hatua, kabla ya kidonda, ili misumeno ipungue.

Kwa sababu hiyo sishiki mguu wa mtu mzima bila kuupima kwanza. Mteja hufumba macho, mimi humgusa kwa unyoya wa kuku kwenye kidole gumba, kwenye kidole kidogo na chini ya vidole, naye hunitajia nilipogusa. Penye sugu nene sana ninatumia uzi mgumu wa kuvulia samaki, ninaubonyeza mpaka upinde. Kisha ninatazama vidole vya mkono baada ya kukaa majini. Ngozi kusinyaa majini ni kazi ya neva. Madaktari wa London waliliona jambo hilo miaka ya 1930, kwamba kidole kilichokatika neva hubaki laini hata kikilowekwa. Dobi asiyesinyaa vidole, mpeleke hospitali. Maji yenyewe ninayapima kwa kiwiko changu, kamwe si kwa mguu wa mteja. Asiyesikia unyoya simsugui siku hiyo. Ninamwandikia kwenye karatasi kwamba aende kliniki ya kisukari, hospitali ya Temeke, Amana au Mwananyamala, iliyo karibu naye, na pesa yake ninamrudishia ya nauli.

Mwaka jana alikuja mzee wa Mtoni, dereva mstaafu, katambuga zake miguuni, analalamika magaga tu. Alinisalimu, akaketi, akanyoosha mguu. Kwenye soli ya katambuga ya kulia palikuwa na msumari wa bati umeingia mpaka kichwa, na ncha yake ilikuwa ndani ya kisigino. Alikuwa ametembea nao kutoka nyumbani, pengine tangu jana yake, na kisigino kilikuwa kizuri cha kutazama, sugu safi ya kazi ya miaka mingi. Sikumvua. Nilimwita bodaboda, tukaenda wote. Sukari yake ilikuwa juu mno na hakuwahi kuambiwa. Mguu ulipona baada ya majuma mengi ya kufungwa na kufunguliwa, na anao mpaka leo. Mkewe ndiye humkagua nyayo sasa, kila usiku, kwa taa ya simu na kioo kidogo cha mkononi, na kila asubuhi kabla ya kuvaa, mzee hupindua katambuga zake akazigonga mlangoni na kupitisha mkono ndani.